Kata Introni kwa Mkono Wako: Mwongozo wa Kusoma Jeni ya Hemoglobini

Mwongozo huu ni wa watu wawili. Wa kwanza ni mwanafunzi au mwalimu wa biolojia aliyekariri kwamba introni hukatwa na ekzoni huungwa, lakini hajawahi kuiona introni hata moja kwa macho yake. Wa pili ni mtu aliyetoka maabara na karatasi iliyoandikwa IVS-I-5 (G>C) au c.92+5G>C, akaambiwa ana thalasemia ndogo na asiwe na wasiwasi, akaondoka bila kujua alama hizo zinasema nini. Wote wawili watasaidiwa na zoezi moja: kuikata introni ya kweli, herufi kwa herufi, mpaka waone seli inatambua vipi mahali pa kukata, na nini hutokea ikikosea.

Tutaikata introni ya kwanza ya jeni ya beta-globini, jeni inayotoa nusu ya protini ya hemoglobini ya mtu mzima. Nimeichagua kwa sababu ni fupi, herufi 130 tu, na kwa sababu kwetu hemoglobini si habari ya mbali. Selimundu imo katika familia nyingi za Afrika Mashariki. Na IVS-I-5 ndiyo hitilafu ya beta-thalasemia inayoongoza nchini Oman, ambako wamo wasemaji wengi wa Kiswahili wenye ndugu zao Unguja, Pemba na Mombasa.

Kwanza ujue kwa nini seli inakata

Jeni ya beta-globini iko kwenye kromosomu ya 11. Urefu wake ni kama herufi 1,600, lakini ujumbe wa kutengeneza protini ni herufi 444 tu, na haukuandikwa mfululizo. Umegawanyika katika ekzoni tatu zenye herufi 92, 223 na 129 za ujumbe, na katikati yake zimekaa introni mbili, ya herufi 130 na ya herufi 850. Seli inapoinakili jeni kuwa RNA, hunakili vyote kwa pamoja. Ribosomu, mashine inayosoma RNA na kutengeneza protini, haina uwezo wa kubagua. Ikipewa nakala ghafi itasoma introni kana kwamba ni ujumbe, na protini itakayotoka haitakuwa hemoglobini. Kwa hiyo, kabla RNA haijatoka ndani ya kiini cha seli, huvikwa kofia mwanzoni, huongezewa mwishoni mkia wa herufi A zipatazo 200, na introni zake hutolewa.

Hadi 1977 hakuna aliyejua kwamba introni zipo. Mwaka huo Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na wenzake katika maabara tofauti za Marekani, waligundua kwamba RNA ya adenovirusi inatokana na vipande vya DNA vilivyoachana mbali. Mwaka huohuo Alec Jeffreys na Richard Flavell wakaona pengo ndani ya jeni ya beta-globini ya sungura. Majina introni na ekzoni yalitolewa na Walter Gilbert mwaka 1978. Sharp na Roberts walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1993.

Unaweza kuuliza: kwa nini seli ijisumbue na vipande vya kutupa? Sababu moja iliyo wazi ni kwamba jeni moja huweza kukatwa kwa namna zaidi ya moja. Jeni ya kalsitonini ikikatwa hivi kwenye tezi ya shingo hutoa homoni ya kalsitonini, na ikikatwa vile kwenye neva hutoa protini nyingine kabisa. Jeni nyingi za binadamu zenye ekzoni kadhaa hufanya hivyo.

Lakini uhuru huo una gharama. Ujumbe husomwa kwa herufi tatutatu, kwa hiyo mkato ukisogea hata kwa herufi moja, kila kodoni inayofuata huharibika. Fundi cherehani akikata nje ya alama ya chaki, mkono wa shati haukubali kukaa begani hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Hapo ndipo tutakapokaa muda mwingi: mpakani, penye alama ya chaki.

Mahitaji

Penseli, kalamu nyekundu, mkasi, gundi ya karatasi au selotepu, na ukanda wa karatasi yenye mirabamraba. Ukiipa kila herufi sentimita moja, introni hii itachukua mita 1.3, kwa hiyo darasa linaweza kuifanyia kazi kwenye meza mbili. Usijaribu introni ya pili kwa kipimo hicho, maana itahitaji mita 8.5.

KISANDUKU CHA 1: HERUFI ZENYEWE

Ekzoni ya 1, kuanzia kodoni ya kuanzia:
ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT GCC GTT ACT GCC CTG TGG GGC AAG GTG AAC GTG GAT GAA GTT GGT GGT GAG GCC CTG GGC AG

Introni ya 1, kumikumi:
1–10 GTTGGTATCA
11–20 AGGTTACAAG
21–30 ACAGGTTTAA
31–40 GGAGACCAAT
41–50 AGAAACTGGG
51–60 CATGTGGAGA
61–70 CAGAGAAGAC
71–80 TCTTGGGTTT
81–90 CTGATAGGCA
91–100 CTGACTCTCT
101–110 CTGCCTATTG
111–120 GTCTATTTTC
121–130 CCACCCTTAG

Mwanzo wa ekzoni ya 2:
G CTG CTG GTG GTC TAC CCT TGG

Angalizo: maabara huandika kwa herufi za DNA, nami nimefuata desturi hiyo. Popote penye T, kwenye RNA yenyewe ni U.

Hatua za kukata

1. Nakili herufi zote za kisanduku kwenye ukanda wako, ekzoni kwa penseli na introni kwa kalamu nyekundu. Weka namba chini ya herufi za introni. Usiruke kuweka namba, kwa sababu makosa mengi ya zoezi hili huanzia kwenye kuhesabu.

2. Angalia ncha mbili za introni. Inaanza na GT na kuishia na AG. Ndivyo zilivyo takriban asilimia 99 ya introni za binadamu. Sasa zungushia duara kila GT na kila AG iliyo ndani ya introni. Utapata GT saba na AG kumi na mbili. Tua hapo uone ukubwa wa tatizo la seli: alama ya herufi mbili haitoshi. Kama ingetosha, introni hii ingekatwa katikati mara kadhaa.

3. Pima upande wa kushoto kwa kutumia U1. Kazi ya kukata na kuunga hufanywa na splaisosomu, mashine iliyojengwa kwa protini nyingi na RNA tano fupi: U1, U2, U4, U5 na U6. Mwaka 1980 Joan Steitz na Michael Lerner, waliokuwa wakitumia kingamwili za wagonjwa wa lupasi, walipendekeza kwamba U1 hutambua mwanzo wa introni kwa kushikana nao herufi kwa herufi. Mpaka ambao U1 inaushika barabara ni huu, mstari ukionyesha mahali pa kukata:

CAG | GTAAGT

Wetu ni huu:

CAG | GTTGGT

Linganisha. Upande wa ekzoni herufi zote tatu zinapatana. Upande wa introni, herufi ya 1 na ya 2 zinapatana, ya 3 na ya 4 hazipatani, ya 5 na ya 6 zinapatana. Mpaka wetu unafanya kazi vizuri, lakini hauna akiba. Kumbuka hilo ukifika kwenye IVS-I-5.

4. Tafuta A ya kitanzi, yaani A itakayoungwa na mwanzo wa introni katika hatua ya 7. Anzia mwisho wa introni urudi nyuma. Katika introni nyingi A hii hukaa kati ya herufi 18 na 40 kabla ya mwisho. Hapa imo ndani ya CACTGAC, herufi ya 89 hadi ya 95, nayo yenyewe ni herufi ya 94. U2 ndiyo huishika na kuisukuma ijitokeze nje, tayari kwa kazi. Ipake rangi.

5. Tembea kutoka 95 kwenda kulia. Utaona T na C zimejazana, huku G na A zikiwa chache. Eneo hili hushikwa na protini inayoielekeza mashine mahali ilipo A ya kitanzi. Huna haja ya kuhesabu hapa, tazama tu umbo lake.

6. Endelea kulia mpaka AG ya kwanza baada ya A ya kitanzi. Iko kwenye 129 na 130. Zile nyingine kumi na moja zote ziko nyuma ya A hiyo, ndiyo maana hazihesabiki. Kanuni ya upande wa kulia ni hiyo: AG ya kwanza baada ya kitanzi. Iandike pembeni, utaihitaji punde.

7. Sasa kata, na ukate kwa mpangilio. Mkasi wa kwanza hupita kushoto, kati ya ekzoni ya 1 na G ya kwanza ya introni. Ndani ya seli, A ya 94 ndiyo huivamia G hiyo na kujiunga nayo. Kwa hiyo pinda ukanda, ubandike G ya 1 kwenye A ya 94, upate kitanzi chenye mkia. Ekzoni ya 1 imebaki huru, lakini seli haiiachi ielee. U5 huishikilia. Mkasi wa pili hupita kulia, baada ya herufi ya 130, na papo hapo ncha ya ekzoni ya 1 huungwa na mwanzo wa ekzoni ya 2. Bandika. Kitanzi kitafunguliwa na kuvunjwavunjwa, herufi zake zitumike tena.

8. Kagua kazi yako kwa kusoma. Penye kiungo unapaswa kusoma:

GGC AGG CTG CTG GTG

yaani glaisini, aginini, lusini, lusini, valini. Tazama kodoni AGG: herufi mbili za kwanza zimetoka ekzoni ya 1 na ya tatu imetoka ekzoni ya 2. Introni imepita katikati ya neno moja. Ukiona kitu kingine hapo, rudi hatua ya 1 uhesabu upya.

Hitilafu tatu za kweli, na namna ya kuziona

Tengeneza kanda tatu mpya. Kila moja ina herufi moja iliyobadilika, na kila moja ipo katika damu ya watu walio hai leo.

*Hitilafu ya kwanza: herufi ya 110, G imekuwa A.* Inapatikana sana Cyprus, Ugiriki, Uturuki na Lebanoni. Badilisha herufi hiyo kwenye ukanda, kisha rudi kwenye kanuni ya hatua ya 6. Baada ya A ya kitanzi, AG ya kwanza sasa ni ipi? Si ya 129 tena. Ni ya 110 na 111, iliyozaliwa na badiliko hilo. Mara nyingi seli hukata hapo, na kipande cha introni chenye herufi 19, kuanzia 112 hadi 130, hubaki ndani ya ujumbe. Soma:

AGT CTA TTT TCC CAC CCT TAG

TAG ni amri ya kusimama. Protini imekatishwa kabla haijafika mbali, na RNA yenye amri ya kusimama mapema namna hii kwa kawaida huvunjwa na seli yenyewe. Mpaka halali bado upo na unatumika mara chache, kwa hiyo mtu hupata beta-globini kidogo sana. Mimi naliona hili kuwa fundisho kubwa kuliko yote ya introni hii: herufi iliyobadilika haimo katika ujumbe, haikugusa mpaka wowote wa zamani, na bado imetosha kumfanya mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ahitaji kuongezewa damu maisha yake yote.

*Hitilafu ya pili: herufi ya 5, G imekuwa C.* Hii ndiyo IVS-I-5 ya Oman, inayopatikana kwa wingi pia India na Pakistani. Mpaka unakuwa CAG | GTTGCT. Kati ya herufi nne zilizokuwa zikiushikilia upande wa introni, moja imeondoka. U1 inashika kwa udhaifu, na mashine inaanza kuvutiwa na GT nyingine za jirani ambazo siku zote zilikuwepo bila kutumiwa. Watafiti waliona tatu. Zitafute mwenyewe kabla ya kusoma mbele:

– ndani ya ekzoni ya 1, baada ya AAG: AAG | GTGAAC. Ujumbe unapoteza herufi 38.
– ndani ya ekzoni ya 1, karibu zaidi na mpaka: GGTG | GTGAGG. Ujumbe unapoteza herufi 16.
– ndani ya introni, baada ya herufi ya 12: AAG | GTTACA. Ujumbe unaongezewa herufi 12.

Sasa gawanya kwa tatu. 38 haigawanyiki, 16 haigawanyiki, kwa hiyo katika njia hizo mbili kodoni zote zinazofuata zimeharibika. 12 inagawanyika. Ukisoma utapata AGG TTG GTA TCA AGG CTG CTG: mpangilio umerudi sawa, lakini kuna asidi amino nne za ziada katikati ya protini ambayo umbo lake halina nafasi ya wageni. Mwanafunzi akishaelewa kugawanya huku kwa tatu, amepata silaha ya kupimia hitilafu yoyote ya ukataji.

*Hitilafu ya tatu: iko ndani ya ekzoni.* Rudi kwenye GGTG | GTGAGG. Katika hemoglobini E, iliyoenea Asia ya Kusini-Mashariki, kodoni GAG inayofuata GGT imekuwa AAG. Mahali hapo sasa panasomeka GTAAGG. Palinganishe na GTAAGT ya U1: herufi tano za kwanza zinapatana zote. Mpaka bandia umepata nguvu na unanyang'anya sehemu ya kazi ya mpaka halali. Herufi moja imefanya madhara mawili, imebadili asidi amino na imevuruga ukataji.

Ili uone tofauti, tafuta selimundu kwenye ukanda uleule. Hesabu kutoka ATG hadi herufi ya 20, iliyo katikati ya GAG ya kwanza. A hiyo ikiwa T, kodoni inakuwa GTG. Ukataji hauguswi hata kidogo. Seli inakata vizuri, inaunga vizuri, inatengeneza protini kwa kiasi cha kutosha, ila protini yenyewe ndiyo yenye kasoro. Katika beta-thalasemia hizi za ukataji shida kubwa ni uhaba: protini nzuri ni kidogo au haipo.

KISANDUKU CHA 2: KUSOMA ALAMA ZA RIPOTI

IVS-I-5 (G>C): mtindo wa zamani. IVS ni introni, I ya Kirumi ni introni ya kwanza, 5 ni herufi ya tano ndani yake, G imekuwa C.

c.92+5G>C: mtindo wa sasa, hitilafu ileile. 92 ni herufi ya mwisho ya ujumbe katika ekzoni ya 1, na +5 ni herufi ya tano baada yake.

c.93-21G>A: 93 ni herufi ya kwanza ya ekzoni ya 2, na -21 ni kurudi nyuma herufi 21. Hesabu kwenye ukanda, utatua kwenye 110.

c.92+1G>A: G ya kwanza kabisa ya introni imekuwa A. Mpaka halali hautumiki tena, na jeni hiyo haitoi beta-globini kabisa.

c.20A>T: selimundu. Ripoti za zamani huiita kodoni ya 6, za sasa huandika Glu7Val, kwa kuwa siku hizi kodoni ya ATG nayo huhesabiwa. Hazipingani.

Ukiwa na ripoti mkononi

Mtu mwenye nakala moja yenye hitilafu na nakala moja nzima ni mbebaji. Kwa kawaida ana afya njema, ila mbebaji wa beta-thalasemia huwa na seli nyekundu ndogo kuliko kawaida. Jambo la kuangalia ni mwenza wake. Wenza wawili wakiwa wabebaji wa beta-thalasemia, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mwenye ugonjwa kamili. Na hapa nasisitiza kwa sababu kwetu ndipo hatari ilipo: mmoja akiwa mbebaji wa beta-thalasemia na mwingine mbebaji wa selimundu, uwezekano ni uleule, 1 kati ya 4, wa mtoto anayerithi vyote viwili na kuugua ugonjwa wa selimundu. Familia inayojua kwamba upande mmoja tu ndio una selimundu hujiona iko salama. Haiko salama mpaka upande wa pili upimwe thalasemia.

Maonyo manne:

1. Usimeze vidonge vya madini chuma kwa sababu tu kipimo cha picha kamili ya damu (FBP) kimeonyesha seli ndogo, yaani MCV ya chini. Upungufu wa madini chuma na ubebaji wa thalasemia hufanana kwenye kipimo hicho. Omba ferritini ipimwe kwanza.

2. Kipimo cha haraka cha selimundu hutafuta hemoglobini S, si thalasemia. Kikisema hakuna, hakijasema lolote kuhusu thalasemia.

3. Ubebaji wa beta-thalasemia hutiliwa shaka kwa kipimo cha hemoglobini kinachoonyesha HbA2 iliyopanda, kwa kawaida juu ya asilimia 3.5. Kipimo hicho hakikuambii ni herufi gani iliyobadilika. Hilo hujulikana kwa kipimo cha DNA tu.

4. Mtu aliyeongezewa damu karibuni ana seli za mtu mwingine mwilini. Mweleze mpimaji kabla hajachukua sampuli.

Makosa yanayorudiwa mno

Kuiita introni takataka. Ukanda wako umeonyesha vinginevyo: herufi ya 1, ya 5, ya 94 na ya 110 zote ni za introni, na kila moja ina la kusema. Ushahidi mwingine umo hospitalini. Watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli utokanao na uti wa mgongo wanayo jeni ya akiba, SMN2, lakini tofauti ya herufi moja huifanya seli iruke ekzoni yake ya 7. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016, hukaa juu ya RNA ndani ya introni inayoifuata ekzoni hiyo na kuifanya seli isiiruke. Dawa hiyo inafanya kazi kwa kushika introni.

Kudhani kwamba ekzoni yote ni ujumbe wa protini. Kabla ya ATG, ekzoni ya 1 ya beta-globini ina herufi 50 zisizotafsiriwa. Zinabaki kwenye RNA iliyokamilika, kwa hiyo ni ekzoni. Kipimo cha kuwa ekzoni ni kubaki baada ya mkasi.

Kudhani kwamba seli husubiri RNA iishe ndipo ikate. Introni nyingi hukatwa wakati unakili ukiendelea. Jeni ya distrofini ina herufi milioni 2.2 na kuinakili huchukua kama saa 16. Ukataji huanza mapema sana ndani ya saa hizo.

Kudhani kwamba bakteria watatusaidia. Bakteria hawana splaisosomu. Ukitaka watengeneze protini ya binadamu, kama inavyofanywa kwa insulini, lazima uwape ujumbe ambao introni zimekwisha kutolewa.

Orodha ya kukagua

Mwanafunzi, kabla hujakunja ukanda wako:
☐ Kiungo kinasomeka GGC AGG CTG.
☐ Kitanzi kimebandikwa kwenye A ya 94, si pengine.
☐ Unaweza kueleza kwa nini AG kumi na moja hazikutumika.
☐ Umegawanya kwa tatu kila idadi ya herufi zilizopotea au kuongezeka.

Mwenye ripoti, kabla hujaenda kwa daktari au mshauri wa jenetiki:
☐ Umeipata hitilafu yako kwenye ukanda kwa kuhesabu mwenyewe.
☐ Unajua kama imeandikwa kwenye nakala moja au zote mbili.
☐ Una majibu ya mwenza wako: HbA2 pamoja na hemoglobini S, si kimoja tu.
☐ Umewaarifu ndugu zako wa tumbo moja. Kila mmoja wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu, au zaidi, kuwa amerithi herufi hiyohiyo.

Ikiwa ripoti yako inataja IVS-II, introni yako ni ya pili na haimo kwenye kisanduku hapo juu, lakini njia ya kuhesabu ni ileile. Ekzoni ya 2 inaishia kwenye herufi ya 315 ya ujumbe. Kwa hiyo c.315+1G>A ni G ya kwanza ya introni ya pili, na chochote kinachoanza na c.316- kinahesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka ekzoni ya 3.